Panzi Katoka Bandani

Mwizi alikuwa amekunja turubai.

Inspekta alilitazama kwa muda mrefu bila kuligusa. Turubai la kufunikia gari lilikuwa juu ya benchi la kazi, limekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe, kama shuka za hospitali. Kofuli la banda lilining'inia kwenye msumari wake, zima, halina hata mkwaruzo. Katikati ya sakafu, mahali ambapo kwa miaka arobaini na moja lilikuwa likilala gari la mbio la viti viwili, rangi ya kijani, kimebaki kipande cha boksi chenye madoa ya oili.

"Wezi wa siku hizi wana malezi," alisema Sajini.

"Wewe nyumbani unakunja shuka, Sajini?"

"Mke wangu anakunja."

"Basi andika: mwizi si Sajini."

Sajini, ambaye alikuwa mtu wa kufuata amri, alianza kuandika.

Inspekta alikwenda ukuta wa nyuma, akapitisha kidole kwenye plasta. Pale ambapo bomba la moshi lilikuwa likielekea palikuwa na doa jeusi la miaka mingi, kavu kama lami. Juu yake palikuwa na doa jingine, laini, likaacha alama kwenye kidole chake. Akainusa.

"Masizi ya jana. Injini iliwashwa ikaachwa ingurume hapa hapa dakika tano, labda saba. Mwizi gani anasubiri injini ipate joto?"

"Mwizi mwenye huruma, afande."

"Hilo andika pia."

Kesi yenyewe ilikuwa imekaa kama kesi ya kumalizwa kabla ya chai. Gari linaitwa Panzi, na mwenye Panzi anaitwa Mzee Kona. Jina hilo alilipata ujanani kwenye mashindano ya magari, kwa sababu hakujua kupunguza mwendo kwenye kona. Wenzake walisema kona ndizo zilizokuwa zinampisha. Jana saa kumi jioni aliingia bandani kumfuta Panzi vumbi, kama anavyofanya kila siku, akajikuta anafuta hewa. Akapiga simu kituoni. Saa moja baadaye askari walimkamata Fundi Sikio kwenye duka la vipuri, ufunguo wa Panzi mfukoni, kebo mpya ya aksileta mkononi. Fundi huyo amemtengeneza Panzi miaka thelathini. Alipoulizwa gari liko wapi, alisema, "Mimi nasubiri." Alipoulizwa anasubiri nini, hakusema.

Leo ilikuwa Ijumaa. Saa nane mchana gari la mahabusu lingewachukua watuhumiwa kuwapeleka mahakamani, na kwa kuwa hakimu alikuwa anaingia likizo, ambaye angepelekwa leo angekaa rumande wiki mbili kabla mtu hajamuuliza jina. Inspekta aliangalia saa yake. Saa tatu na nusu.

"Binti yangu, mmeona kitu?" Mzee Kona alikuwa amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi, vifungo vimepishana kimoja.

"Tunaona kidogo kidogo, mzee wangu. Tuingie ndani tuzungumze."

Sebule ilikuwa imejaa Panzi. Panzi kwenye vumbi, Panzi hewani magurudumu manne yote, Panzi kwenye tope mpaka taa. Kila picha ilikuwa na mwanamume mmoja mwembamba kwenye usukani na mwanamke mmoja mfupi pembeni yake, kilemba kichwani, ramani mapajani, uso wa mtu anayemwambia mwenzake kitu ambacho hasikilizwi.

"Huyu ni mama?"

"Mwenzangu. Wanamwita Bibi Ramani. Mimi usukani, yeye ramani na kalamu. Jana kaenda kwa dada yake, akapiga simu jioni kwamba atalala huko. Sijamwambia. Ana presha." Mzee akakaa kwenye kochi, akapapasa kidogo kabla ya kukaa. "Nitamwambiaje? Panzi tulimpata kabla hatujaoana. Nilimkuta kwenye sanduku la mbao, limebomolewa upande mmoja, anachungulia jicho moja tu la taa. Siku hiyo hiyo nikamwendea nikamwambia, ukitaka kuolewa na mimi kuna mke mwenza, rangi yake kijani."

"Akasemaje?"

"Akauliza anakula nini."

Sajini akacheka, akakumbuka yuko kazini, akakohoa.

"Unamjua Panzi akikanyagwa kwenye tambarare anavyolia, binti? Kama mtu anachana kitambaa kipya, kirefu, hakiishi. Na ndani ananuka ngozi ya viti, petroli, na mafuta ya nywele ya mwenzangu. Siku hizi magari yananuka plastiki. Ule mwaka wa tope," akaonyesha picha, kidole kikaangukia picha ya jirani yake, "tulimaliza wa pili kutoka mwisho. Huyo wa mwisho hakuonekana mpaka Jumatano."

Inspekta alikuwa anahesabu mito ya kochi. Ilikuwa midogo, ya kufumwa kwa mkono. Mitatu. Kochi lilikuwa la watu wanne.

"Mto wa nne uko wapi, mzee?"

"Mto? Atakuwa kauhamisha mwenzangu. Nimeibiwa gari, wewe unatafuta mto?"

"Mimi natafuta vyote. Umesema jana saa nne hadi saa nane hukuwepo. Ulikuwa wapi?"

"Kwa rafiki." Akajibu haraka mno. "Nilimsalimia rafiki."

Kwenye meza ndogo palikuwa na kichupa cha dawa ya macho, na kadi ya kliniki imelala kifudifudi. Inspekta aliiacha ilale.

"Kuna mtu mwingine yeyote aliyemtaka Panzi?"

"Yule daktari wa meno wa mjini. Kaja mara tatu kuniomba nimuuzie. Mara ya tatu nikamwambia, ning'oe meno yangu yote kwanza, ndipo nishindwe kukujibu."

Daktari wa meno alipokea simu mlio wa kwanza. Nyuma yake mashine ilikuwa inalia na mtu alikuwa analalamika kwa vokali tupu.

"Inspekta, mimi?" alisema daktari. "Ningeliibaje? Mwaka jana Mzee alinipa ufunguo akasema, ukiliwasha, lako. Nilihangaika robo saa. Wamesimama pale watatu, yeye na mkewe na yule fundi, wananicheka mpaka bibi akakaa chini. Kumbe unavuta choki nusu, unakanyaga mafuta mara tatu, unahesabu mpaka saba. Ukihesabu mpaka sita, halitaki. Lile gari lina watu wake."

"Watu gani?"

"Hao hao watatu. Wa nne hayupo. Samahani, kuna mtu hapa amefungua mdomo."

Inspekta alirudisha simu mfukoni. Watu watatu. Mmoja alikuwa mbele yake, mmoja alikuwa mahabusu.

"Mzee, kwenye maelezo yako ya jana umesema hivi." Akafungua faili. "'Nimelikagua daftari la safari. Hakuna safari iliyoandikwa tangu Aprili. Kwa hiyo gari limechukuliwa bila idhini.' Daftari gani hilo?"

Mzee akanyooka. Hapa alikuwa anasimama juu ya ardhi yake.

"Hiyo sheria niliiweka mimi, mwaka wa kwanza. Hakuna gurudumu kuzunguka kabla kalamu haijazunguka. Unaandika umetoka saa ngapi, unakwenda wapi, nani dereva. Ukirudi unajaza umerudi na kilomita ngapi. Njia zile zilikuwa mbaya, binti. Gari lisiporudi, watu wajue pa kutafutia. Ilituokoa mara mbili."

"Na siku hizi, kwa safari ya sokoni?"

"Hata kwa kumtoa nje aoshwe. Mwenzangu hawezi kuingia kwenye gari lile bila kuandika. Ni kama kuvaa viatu." Akainuka, akahesabu hatua nne hadi kabatini, akatoa daftari nene lenye jalada la kitambaa. "Hilo hapo. Kagua."

Inspekta alifungua mwishoni. Akasoma. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena. Uso wake haukubadilika, ila penseli iliacha kuchezacheza kati ya vidole.

Kisha akafungua mahali pengine kabisa, katikati ya daftari, akampa mzee.

"Hebu nisaidie kusoma mstari wa mwisho hapo. Mwandiko unanishinda."

Mzee Kona alilishika daftari, akalipeleka mbali, akalirudisha karibu, akainua kidevu.

"Aprili tarehe sita," alisoma kwa sauti ya msomaji taarifa. "Kilomita kumi na mbili. Barabara kavu. Dereva mimi."

Ukurasa ule ulikuwa na picha ya kuku. Alichorwa na mtoto fulani miaka mingi iliyopita, kwa penseli nyekundu, miguu mitano.

Sajini alifungua mdomo. Inspekta akamkanyaga.

"Asante, mzee wangu," alisema. "Unasoma vizuri. Naomba niliazime."

Garini, Sajini alisubiri mpaka wamevuka kona.

"Afande, haoni."

"Anaona mwanga na vivuli. Nyumba yake anaijua kwa hatua. Mimi nimekaa karibu mita moja, na shati langu lina doa la wino wa peni iliyopasuka jana, hakusema kitu. Mzee anayelifuta gari vumbi kila siku angesema."

"Na daftari?"

"Soma."

Sajini akasoma, midomo ikitembea. Mwandiko ulikuwa ule ule kwa miaka arobaini na moja, wa duara, uliolala kidogo kulia.

*Jumanne. Km 4. Kavu. Dereva: mimi. Gia ya pili imelia kama mbuzi. Fundi alifumba macho.*

*Alhamisi. Km 6. Manyunyu. Dereva: mimi. Imezimika mara tatu mbele ya shule. Watoto wamepiga makofi.*

*Jumatatu. Km 9. Dereva: mimi. Nimepiga kona ya kiwanda cha matofali bila breki. Fundi amesema maneno ambayo siwezi kuyaandika humu.*

Wiki tatu nzima. Na mstari wa mwisho, wa jana:

*Alhamisi. Kutoka: saa nne na robo. Kwenda: kwa dada, njia ya kiwanda cha mbao. Dereva: mimi. Kurudi:*

Hapo palikuwa patupu.

"Yaani mwizi aliandika anakokwenda," alisema Sajini, "akaliacha kabatini kwa mwenye mali, na mwenye mali akatuapia kwamba hamna kitu."

"Na kwa kiapo hicho sisi tumemfunga mtu."

Fundi Sikio alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, magoti yamefika masikioni. Alikuwa mrefu kama nguzo ya simu. Mto wa kochi chini yake ungemfanya atoboe paa la Panzi kwa kichwa. Jina la Sikio alilipata kwa kuwa hakufungua boneti kabla ya kulaza sikio juu yake na kusikiliza. Wateja wengine waliona aibu kupita.

"Fundi, una mwanafunzi?"

"Sina. Vijana wa leo wanataka kompyuta."

"Hakuna hata mmoja?"

Fundi alitazama ukuta.

Wakati huo huo mlio wa simu ukasikika kutoka mezani kwa Sajini, ndani ya droo, ukilia kama chura kisimani.

"Ni ya mtuhumiwa," alieleza Sajini. "Inalia tangu jana jioni."

"Kwa nini hukupokea?"

"Ni kielelezo, afande. Kielelezo hakipokewi. Kinahifadhiwa."

Inspekta akafungua droo. Kwenye kioo iliandikwa: *Mwanafunzi*. Simu ambazo hazikupokelewa: ishirini na sita.

"Usipokee," alisema Fundi, akasimama ghafla. "Nakuomba, mama. Nipeleke tu mahakamani."

Inspekta alipokea, akanyamaza.

"Mwalimu!" ilisema sauti ya bibi, kali, imechoka. "Kebo moja tu, mtu unakwenda siku nzima? Ulikwenda kuifua mwenyewe? Nimelala kwa dada, asubuhi nimerudi kumlinda Panzi, wenye mbao hapa wamenizunguka kama mnada, kila mmoja anataka kupiga picha. Na yule mzee wangu leo atakwenda bandani tu. Nimwambie nini? Mwalimu? Mbona hupumui?"

Inspekta alijitambulisha.

Kikapita kimya cha kutosha kuhesabu mpaka saba.

"Mume wangu anajua?"

"Anajua gari limeibwa, mama. Yeye ndiye aliyeripoti. Na mwizi tuliyemkamata ni mwalimu wako."

"Shemeji yangu yuko ndani?" Sauti ilikuwa imeshuka. "Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Nakuja. Nakuja kwa miguu."

"Kaa hapo hapo. Usiliache gari. Tunakuja sisi."

Alipokata, Fundi alikuwa ameegemea nondo za mlango, paji la uso limepata mistari miwili.

"Sasa sema," alisema Inspekta. "Yeye ameshasema."

"Jumapili hii kuna mkutano wa magari ya zamani, kwenye uwanja waliokuwa wanashindania. Mzee kasema ataendesha mwenyewe. Mwezi uliopita aligonga nguzo ya geti lake, akaniambia fundi, hili geti limesogea." Fundi akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Shemeji akaja gereji. Kakaa miaka yote upande wa ramani, hajawahi kushika usukani, Mzee hakumpa hata siku moja. Akaniambia nifundishe. Jumapili awahi kukaa kitini kabla Mzee hajavaa viatu, asipate pa kubishana. Akaniapisha. Jana kebo ikakatika njiani, nikapanda lori la mbao kuja kutafuta nyingine. Ufunguo nilikuja nao kwa mazoea."

"Ungesema hayo tu, usingelala humu."

"Ningesema, mngemuuliza Mzee. Mngemuuliza, angejua kwamba tunajua haoni." Akainua mabega. "Mimi nimelala chini ya magari miaka thelathini. Sakafu ni sakafu."

"Na wiki mbili rumande?"

Fundi alirudi kukaa sakafuni.

Sajini alikuwa amefungua kanuni, kidole kwenye mstari. "Afande, tatizo. Hatuwezi kumtoa kwa simu ya mama. Maelezo ya mlalamikaji yamesema daftari halina safari. Yeye mwenyewe ayafute, aeleze kwa nini alisema hivyo, atie sahihi. Na mali lazima aitambue mwenyewe, mahali ilipo."

"Saa ngapi?"

"Saa sita kasorobo."

"Mtoe Fundi. Andika: mtuhumiwa amepelekwa kuonyesha mali. Na hiyo kebo ibebe."

"Kebo ni kielelezo."

"Basi ibebe kwa heshima."

Mzee Kona aliposikia Panzi amepatikana, alikaribia kusahau fimbo. Alivaa koti la mashindano lenye beji mkononi, lililombana tumboni, akaja mpaka kwenye gari la polisi kwa hatua ndefu. Nyuma, kwenye benchi la wazi, alikaa Fundi Sikio na pingu zake, umbali wa mkono kutoka alipopita mzee.

"Habari za kazi, kijana," Mzee alimwambia kwa uchangamfu, kama anayemsalimia askari.

Fundi alimtazama. Miaka thelathini.

"Nzuri, mzee," alijibu.

Mkono wa Mzee Kona ulisimama kwenye kitasa cha mlango. Akageuza uso kuelekea ile sauti, akauacha hapo, macho yakitafuta. Hakuna aliyemsaidia. Kisha akaingia mbele, akafunga mlango.

Panzi alikuwa pembeni ya barabara mkabala na kiwanda cha mbao, jua limempiga mgongoni, kijani kibichi kama jani lililooshwa. Kwenye kiti cha dereva, juu ya mto wa kufumwa, alikaa Bibi Ramani, kilemba kichwani, mikono yote miwili kwenye usukani wa gari lisilokwenda. Wapasua mbao wapatao kumi walikuwa wamemzunguka Panzi kwa umbali wa adabu.

Hakushuka. Alisema tu, "Umekula?"

"Nimekula," alisema mzee.

"Vifungo vimepishana."

Mzee akashika shati, akaacha.

"Mlalamikaji atambue mali," alisema Sajini, kwa sauti ya chini kuliko kanuni ilivyotaka.

Mzee Kona alinyoosha mkono, akapata bampa, akaanza kutembea nao. Taa. Bawa la mbele, juu ya gurudumu. Hapo kidole kikaingia kwenye kibonyeo kidogo, kikazunguka ndani yake. "Mwaka wa tope," alisema. Akaendelea mpaka mlangoni, akanusa ndani kama mtu anayenusa chungu. "Ndiye. Ni yeye."

"Sasa maelezo, mzee wangu." Inspekta aliweka faili juu ya boneti, na pembeni yake daftari. "Jana ulisema ulilikagua hili. Ndani yake kuna safari tisa. Zote zimeandikwa. Kila moja inasema nani, wapi, lini. Ile ya jana inataja barabara hii tunayosimama. Fundi anakwenda rumande kwa sababu ya sentensi yako moja. Naweza kuifuta, lakini hapa chini kuna mistari miwili, lazima uchague mmoja. 'Nimesoma mwenyewe.' Au 'Nimesomewa.'"

Msumeno wa kiwandani ulinyamaza. Mtu alikuwa ameuzima ili asikie vizuri.

"Na nikichagua huo wa pili?"

"Nitaandika kwa nini. Faili litakwenda kwa watu wa leseni. Sitakudanganya."

Mzee alisimama mkono juu ya boneti. Bibi Ramani alikuwa anamtazama kupitia kioo, mikono bado kwenye usukani.

"Fundi," alisema mzee.

"Naam."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliponiletea geti nilitengeneze."

"Na wewe?"

"Tangu ulipoanza kuhesabu hatua," alisema Bibi Ramani.

"Kwa hiyo kila mtu alijua."

"Daktari wa meno hakujua," alisema Fundi.

Mzee Kona akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikatoka vibaya, akakifuta kwa kiwiko cha koti lenye beji.

"Nisomee," alimwambia Inspekta. "Zote. Kuanzia mwanzo."

Inspekta alisoma. Alipofika kwenye mbuzi, mzee alimtaka arudie. Alipofika kwenye watoto wa shule, wapasua mbao walicheka, na Bibi Ramani akawatazama mpaka wakaacha. Alipofika kwenye kona ya kiwanda cha matofali, mzee alimgeukia mkewe.

"Bila breki?"

"Bila."

"Ulishika gia ngapi?"

"Ya tatu."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya mtoto wake kufaulu mtihani. Akaomba kalamu. "Andika: mlalamikaji haoni. Andika hivyo hivyo, usipambe. Alimshitaki rafiki yake kwa sababu aliona aibu kusema hawezi kusoma. Halafu niwekee kidole changu kwenye mstari wenyewe, nisije nikasaini boneti."

Akasaini *Nimesomewa*. Saini ilipanda mlima kidogo, lakini ilifika.

Sajini aliangalia saa, akasema kwenye redio kwamba gari la mahabusu liondoke, mtu mmoja amepungua. Kisha akafungua pingu na kumkabidhi Fundi kielelezo. Fundi Sikio alilala chini ya Panzi, miguu ikabaki barabarani mirefu kama ngazi. Mzee alichuchumaa karibu nayo.

"Nikikuomba radhi sasa hivi utasikia?"

"Mpaka nitoke. Huku kuna kelele."

"Gari limezimwa."

"Ndiyo maana nasikia vizuri, mzee. Endelea."

Mzee aliendelea, kwa sauti ya chini, na Inspekta akaona kuna kitu cha muhimu sana cha kukagua upande wa pili wa barabara.

Kebo ilipokaa, Bibi Ramani akavuta choki nusu, akakanyaga mara tatu. Midomo yake ilihesabu. Panzi akaamka, akanguruma, na watu kumi wakapiga hatua moja nyuma kwa pamoja.

"Muache apate joto," alisema mzee.

"Najua."

Wakangoja dakika tano, wote, hata polisi. Halafu Mzee Kona akazunguka gari, mkono juu ya bati, akafika upande wa ramani. Aliingia kwa taabu. Miguu yake ilitafuta pedali, ikapata sakafu tupu. Mikono ikainuka mbele, ikakuta hewa, ikashuka ikatulia mapajani. Akageuka kufunga mlango, akapapasa ubavu wake juu, akapapasa chini, akapapasa tena.

"Kitasa cha huku kiko wapi?"

Miaka arobaini na moja.

Bibi Ramani aliegemea juu yake, akamshika mkono, akaupeleka chini kabisa karibu na bawaba, mahali ambapo ngozi ilikuwa imelika kwa vidole vya mtu mmoja.

"Kinavutwa juu," alisema. "Halafu kwako. Si kwa nguvu."

Mzee akavuta juu, halafu kwake, si kwa nguvu. Mlango ukafungika.